Akina Mama wa Shule ya Wanorwe

Jumanne, 4 Machi
Zamu imeisha. Nimekula, nimelala, sasa historia. Usharika wetu hapa Fort Worth utaikumbuka shule ya wasichana ya Kilutheri, waliyoianzisha wahamiaji wa Kinorwe kusini mwa mji. Ilishafungwa zamani. Kazi ya kuandika historia yake na kuisoma kanisani Jumapili ya tarehe 16 nimepewa mimi, maana kabla ya uuguzi nilifundisha historia Moshi. Mtanzania kuwaandikia Wanorwe! Naiweza.

Alhamisi, 6 Machi
Nimedraivu mpaka Garland kwa Bibi Ingrid, aliyesoma shule hiyo. Nikamsomea nilichoandika: wachungaji ndio waanzilishi. Kacheka mpaka kakohoa. Kumbe wachungaji waliwanyima akina mama chumba cha kanisa. Wasichana watosheke na jiko, walisema. Basi bibi yake na wenzake wakatoa ng'ombe bandani, wakaanza kufundisha humo hesabu na Kiingereza. Nimefuta yote. Naanza upya.

Jumatatu, 10 Machi
Bwana Carl, mwenyekiti wa kamati, kakataa nilichoandika. Babu wa baba yake alikuwa mmoja wa wachungaji hao. Anataka banda liondolewe kwenye historia. Haliondoki.

Jumatano, 12 Machi
Carl kapiga simu. Nisipobadilisha, atasoma mwingine. Nimekasirika. Mama yangu alinipeleka shule baba akiwa hataki. Wanawake hawa nawajua. Nimemwambia, "Twende Garland kwanza. Ukitoka huko, amua."
Kakubali. Sikutegemea.

Ijumaa, 14 Machi
Bibi Ingrid hakumzungusha. "Babu wa baba yako alikuja, ndiyo. Alikuja banda lilipokwisha kujaa wasichana."
Carl akawa mwekundu. Bibi akamshika mkono. "Na alifundisha vizuri. Hilo nalo liandikwe."
Nimeliandika. Ni haki yake.

Jumapili, 16 Machi
Kanisa limejaa. Asubuhi Carl aliniomba asome yeye sehemu ya banda. Nikampa. Sauti ilimkatika kwenye majina ya akina mama, akarudia, akamaliza. Mengine nimesoma mimi, Kiingereza kisha Kiswahili, bila haraka. Bibi Ingrid mbele, kofia ya bluu. Nimejivunia kazi yangu. Nasema wazi.

Jumamosi, 22 Machi
Binti yangu Neema alitaka kuona mahali penyewe shule ilipokuwa. Tumekwenda wawili. Hakuna kitu. Nyasi, uzio, upepo. Akauliza kwa Kiingereza chake mlango wa banda ulikuwa upande gani. Sijui. Akachagua mahali, akapita kama anaingia mlangoni. Nikamfuata.