Kilichookotwa kwenye Hilero

Melini, nje ya Carboneras
Jumapili, 14 Aprili

Mama yangu mpenzi,

Nabusu mikono yako yote miwili. Mimi ni mzima, ila mkono wa kulia umevimba. Goti lako linaendeleaje? Na shangazi Angustias bado anakohoa huku akitafuta kiberiti? Najua kaka Frasquito ameshatoka hospitali yuko hapo kwako, na najua alichokuambia: kwamba aliteleza, akajigonga ukingoni, akaanguka baharini. Soma barua hii ukiwa umekaa.

Kwanza kazi yetu, maana kila ukiniuliza nakujibu ovyo. Tunachunguza hilero, ule mstari wa povu aliokuwa akiufuata marehemu baba, pale maji ya aina mbili yanapokutana na mengine yakazama chini ya mengine. Baba aliuona kwa macho tu. Sisi tunauvamia kutoka kila upande: meli inakata huku na huko, ndege ndogo inapima joto kutoka juu, mashine za manjano zinazama na kuibuka zenyewe, na maboya sitini ya mbao, kila moja na kifaa cha kututumia mahali lilipo, tunayamwaga yatuonyeshe maji yanakokwenda. Daktari Margalida, mkuu wetu kutoka Mallorca, husema jicho moja halitoshi, kwa kuwa mizunguko hii midogo ya maji huzaliwa leo ikafa kesho.

Alhamisi mchana boya namba arobaini na moja liligeuka likaanza kwenda kinyume cha mkondo, mbio, kuelekea bandarini. Daktari akapiga kelele za furaha, akidhani kagundua jambo. Nilicheka mpaka nikashika tumbo. Nilijua mkondo huo unakwenda kwa dizeli na jina lake ni Frasquito. Unaijua sheria ya wavuvi wetu: kilicho kwenye hilero ni cha aliyekiokota.

Baharia Melchor akanipeleka kwa boti ya mpira hadi kwenye boti ya kaka. Upepo wa mashariki, levante, ulikuwa umeshaanza kuichana bahari. Kaka alikuwa ameokota maboya manne, na mawili ameshayapasua kwa shoka. Nilimwomba kwa upole. Akaniuliza nimekuja kama mdogo wake au kama askari. Mawimbi yalizidi, Melchor akakataa kunibeba mimi na maboya pamoja. Akarudi melini, nami nikabaki na kaka tuyapeleke bandarini.

Tulitukanana njia nzima. Akasema, "Nyie mnaipima bahari kama fundi anayempima maiti suti." Nikamwambia hata hiyo mashine yake ya kutafutia samaki haikushushwa na malaika. Basi akayatupa baharini yale maboya mawili mazima, akanipiga teke la paja. Nilimkaba. Tuligongana na kibanda cha usukani, kioo kikavunjika, damu ikanijaa puani, na bahari ikatupiga wote wawili bila kuchagua. Kisha kaka hakuwepo.

Niliurukia usukani nikageuza. Nyuma yangu palikuwa na povu tu. Waokoaji niliowaita kwa redio walisema upepo utamsukuma magharibi, wakaenda magharibi. Daktari Margalida, aliyekuwa akitusikiliza redioni kutoka melini, akasema hapana, mtu aliyezama hadi kidevuni hubebwa na maji, si upepo. Alikuwa na vipimo vya ndege mbele yake, na kumi na tisa kati ya maboya yake yalikuwa yameanza kujipanga mstari mmoja, yakikunja kwenda kusini. Akaniambia, "Shika kusini, Ginés, na usinibishie."

Sikubisha. Nilitafuta kwa muda wa saa mbili na nusu, mama, mawimbi yakiibamiza boti kama mlango usio na komeo. Nilitapika. Nilimtukana Mungu, kisha nikamwomba radhi.

Nikauona mstari wa povu. Kreti zilizovunjika, mwani, maboya yamesongamana, na katikati yake kaka, midomo myeusi, ameyakumbatia maboya mawili. Yale yale aliyoyatupa. Wimbi lilitaka kumchukua tena, nikamchoma begani kwa ndoano ya mti mrefu nikamvuta nayo. Alipiga yowe, na sijawahi kusikia sauti tamu kama ile. Aliponyanyua kichwa alisema, "Umeniokota kwenye hilero. Haya, mimi mali yako. Sasa usimwambie mama, mbwa we."

Anakuficha ukweli, mama, kwa ajili yangu. Hakuteleza. Tulipokuwa tumekabana aliniambia kwamba baba alikufa akivuta nyavu zangu. Ni kweli. Asubuhi ile miaka tisa iliyopita, alipokwenda asirudi, ilikuwa zamu yangu. Nilimbembeleza aende badala yangu ili nikafanye mtihani wa kazi hii. Kaka alijua, na hakulitamka hata siku moja mpaka Alhamisi. Nikampiga ngumi ya mdomo kwa nguvu zangu zote, na nilitaka aanguke. Kwa pumzi moja tu, lakini nilitaka.

Sikuombi uniambie si kosa langu. Nitakuja Jumamosi. Ukisikia mlango unagongwa na hutaki kuufungua, nitaelewa, nitaondoka bila kelele.

Nisalimie shangazi Angustias na majirani wote wa ngazi yetu. Ikinyesha, mpikie Frasquito migas za makombo ya mkate kama desturi yetu, lakini ulainishe ule mkate, maana hataweza kutafuna vizuri. Jino lake la mbele, ambalo bila shaka amekuambia limemezwa na bahari, nimelifunga kwenye karatasi ndani ya bahasha hii. Lilibaki sitahani, karibu na kiatu changu.

Mwanao,
Ginés