Jina la Zuhura

Wattaya, Uarabuni, Jumatano, Machi 2006

Nimeficha jambo, na pumzi zinanipungua. Sayansi ya ubongo niliyowafundisha wakubwa wa maofisi, ili wafanyakazi wao waipende kazi, nyumbani kwangu sikuitumia.

Leo alikuja Salim, mwanafunzi wangu wa zamani, kunikagua hali. "Maalim, ulitwambia ubongo wa mtu huchangamka akiitwa jina lake. Wafanyakazi wangu nnawajua wote kwa majina, na hawaniondokei."

Akamgeukia mama wa Tanga anayeniuguza, aliyekuwa akimimina kahawa. "Na wewe bibie, nani mwenzetu?"

"Humu ndani naitwa Zuhura," akajibu, akinitazama mimi.

Salim akacheka, akidhani ni mzaha. Mimi sikuweza.

Zuhura alikuwa mtumishi wetu wa kwanza, na kwao alisharudi zamani. Kila aliyemfuata tulimpachika jina lilelile, watoto wasipate tabu ya kujifunza jipya.

Jioni alinigeuza kitandani taratibu. "Pole, Babu." Nilitaka kumuomba radhi kabla sijafa. Nikafungua kinywa nimwite, nikakwama.

Miaka yote hii ananiogesha, na jina lake silijui.