Figa la Tatu

Jumatatu, 5 Agosti 1974

Padri Selestini kaamua kunifundisha Kiebrania, eti nimsaidie kuhakiki tafsiri ya Zaburi kwa Kisukuma. Haya! Leo maneno ya kuonyesha kitu cha karibu: "zeh" kwa kitu cha kiume, "zot" kwa cha kike, "eleh" kwa vingi. Neno linakuja nyuma ya jina, kama kwetu tu. Na jiwe kwao ni la kike! Nimejizoeza jikoni, nikionyesha mafiga ya mama: ha-even ha-zot, jiwe hili. Mama kacheka. Kasema kumbe hata Wayahudi wanajua jiko ni la nani.

Jumatano, 7 Agosti

Machibya, balozi wetu wa nyumba kumi, kapita. Jumamosi lori linakuja, wote tuhamie kijiji kipya cha ujamaa. Atakayebaki ataezuliwa nyumba. Mama kamjibu kwa upole kwamba yeye hahami. Upole huo ndio unaonitisha. Sikusoma kitu.

Ijumaa, 9 Agosti

Mama kakubali! Sharti moja: mafiga yake yaende. Alikabidhiwa na mama mkwe siku aliyoolewa, hajapikia mengine. Nimeapa nitayabeba mwenyewe. Jioni nimesoma maneno ya vitu vya mbali: ha-hu kwa cha kiume, ha-hi kwa cha kike, yaani "lile". Mepesi.

Jumapili, 11 Agosti

Jana lori lilisimama mteremkoni mbele ya nyumba yetu, breki mbovu, likaanza kurudi nyuma. Dereva akaita: jiwe, upesi! Nikasukumia chini ya gurudumu jiwe nililokuwa nalo mkononi. Likasimama. Tukapakia vitanda, mahindi, kuku, mama. Tukaondoka. Wakati wa kushusha ndipo nikaona — mafiga mawili.

Mama hajawasha moto tangu tufike. Uji wa jirani kashukuru, kauweka kando. Ninaumia. Asubuhi nimemwokotea jiwe zuri, kimo kilekile. Kalishika, kaligeuza.

"Hili ni jiwe, Januarius," kasema. "Mimi nataka lile."

Ha-even ha-hi. Na mimi niliandika mepesi!

Machibya anasema hakuna ruhusa ya kurudi kule, mgambo wako njiani. Baiskeli nimeshaijaza upepo. Mama kaniona. Kachutama, kayaweka vizuri yale mawili, kaacha nafasi ya la tatu.