Maji Matupu kwa Watoto wa Matumbawe

Mkwe wangu,

Asubuhi nimekuta watoto wa matumbawe wamejikunja wote sita. Nimepima: chumvi imezidi. Mkeo anasema jana uliona maji ya tangi yamepungua, ukaongeza ya chumvi. Asante kwa nia, lakini maji yakikauka chumvi hubaki. Tunaongeza maji matupu tu.

Nimerekebisha. Watano wamefunguka, wa sita bado. Tumbawe kubwa nililolikata vipande kuwapata lilishakufa. Hawa wakienda, hatuna mbegu nyingine.

~~Usiguse tangi mpaka nirudi.~~ Narudi kesho, na maji hayanisubiri. Saa kumi jioni ongeza kikombe kimoja kutoka ndoo nyeupe, taratibu. Onja kwanza. Ukisikia chumvi, umekosea ndoo.

Nimemwambia mkeo asikusimamie.

Mama mkwe