Usiwapokee Makinda wa Baba Yako

Mwanangu mpenzi, kifungua mimba wangu,

Pokea salamu zangu, za kwanza kwako, za pili kwa mkwe wangu, na za tatu, ambazo nazibusu kabla sijazituma, kwa mjukuu wangu. Kile kifua chake kimeacha kukoroma? Usimlaze chali akishanyonya, wala asitambae kwenye sakafu ya baridi. Najua utasema mama ameanza. Ndiyo, nimeanza. Siku nikinyamaza ujue nimekufa.

Sisi huku tupo. Baba yako anakula, analala, na kubwa kuliko yote, anaongea. Unakumbuka tangu ule msumeno wa karakana ulipomchukua mdogo wako hakuwa na neno. Ukimuuliza chai, anatikisa kichwa. Karakana akaifunga, randa zikashika kutu, nami nikawa naishi na mume kama naishi na kabati. Ulipomletea wale kasuku wawili wa Australia nilinuna, nikasema huyu mtoto badala ya shuka anatuletea makelele. Kumbe wewe uliona mbali.

Siku ile ulipoondoka alikaa mbele ya kizimba akimtazama dume: kichwa chekundu kama pilipili iliyoiva, mashavu meupe kama mtu aliyepakwa povu la kunyolea akasahauliwa, mgongo mweusi na kila unyoya umezungushiwa manjano, mabawa ya buluu. Jike yuko hivyohivyo ila amepauka kidogo. Baba yako akafungua kinywa, akasema aliyempaka huyu rangi hakuwa na haraka. Nilikuwa jikoni. Mboga iliungua naitazama.

Dume akamwita Bwana Shauri, jike akamwita Bibi Harusi. Yule mfuga ndege aliyekuuzia alimweleza kwamba hawa kwao hutaga ndani ya mti wenye uwazi, kwa hiyo wanataka sanduku refu lenye giza. Basi karakana ikafunguliwa! Akaunda sanduku lenye kina cha mkono wangu mzima, ndani akapigilia wavu wa makinda kupandia, chini akamwaga maranda. Bibi Harusi akaingia, akataga, akalalia. Bwana Shauri kazi yake ikawa kumlisha mdomo kwa mdomo, na baba yako akaniuliza kama nami nasubiri kulishwa hivyo. Tulicheka, mwanangu, mpaka nikaona haya, maana picha ya mdogo wako iko palepale ukutani.

Mama wa jirani ananitania kwamba uzeeni nimeletewa mke mwenza mwenye manyoya, na ndiye anayeamkiwa kwanza. Kweli, na mtumishi wake ni mimi. Nakata tufaha na karoti, nachanganya mtama na uwele, alizeti kidogo tu maana inawanenepesha, nasaga maganda ya mayai ili jike asiishiwe nguvu. Kuoga wanapenda kuliko ninyi wanangu nyote. Na kila asubuhi nafagia chini ya kizimba.

Mfuga ndege alisema pia kwamba upepo ni adui wa jike anayelalia. Tukalishika neno hilo kama amri. Kizimba tukakihamishia chumbani kwetu, baba yako akaziba dirisha kwa plastiki, na matundu ya hewa juu ya mlango nikayasokomeza matambara kwa mikono yangu. Nikifagia, vumbi lao jeupe kama unga linapanda, halina pa kwenda.

Makinda watatu walitoka wazima. Sasa wanajilisha, rangi zinaingia, na Bwana Shauri amewageuka. Mmoja amemdonoa kichwa mpaka damu. Ndivyo walivyo, lazima watengwe na baba yao. Basi baba yako ameunda kizimba kizuri cha safari, anasema atakuletea mwenyewe wote watatu, zawadi ya mjukuu, wakae karibu na kitanda cha mtoto wazoeane. Suruali ya safari ameshaipiga pasi.

Mwanangu, kama umesimama, kaa. Kile kikohozi nilichokwambia kwenye simu kwamba ni mafua, si mafua. Kwenye simu baba yako alikuwa anasikia. Nilikwenda hospitali peke yangu nikisingizia sokoni. Daktari aliniuliza kama navuta sigara, nikacheka. Akaniuliza nafuga nini, sikucheka tena. Alisema vumbi la manyoya na kinyesi cha ndege limenikakamaza mapafu, na palipokakamaa hapalainiki tena. Nikiachana nao, mapafu yaliyobaki yatanisogeza mbele. Nikibaki nao, haitachukua muda. Si kila mtu hupatwa, wengine hufuga mpaka uzee. Mwili wangu mimi umekataa, na huyo mjukuu mwenye kifua cha kukoroma ametoka kwenye mwili huu huu.

Usijilaumu. Nakukataza. Ulileta dawa, na dawa ilimponya mgonjwa.

Nimesingizia kelele, ndege wamehamishiwa karakana. Lakini anarudi na vumbi kwenye nguo, nazifua mimi, na daktari alisema hilo nalo linatosha. Kumwambia siwezi. Akijua atawatoa siku hiyohiyo, namjua. Kisha atafunga tena ile karakana na mdomo wake, na safari hii ataamini ameua wawili, mdogo wako kwa msumeno wake na mimi kwa kizimba chake. Mimi nimeshachagua. Usije kubishana nami.

Ninachokuomba ni hiki. Mwambie hutaki ndege nyumbani kwako. Kifua cha mtoto usikitaje, maana ataulizauliza mpaka afike kwangu. Sema wanachafua, sema mumeo amekataa, sema lolote la kuudhi. Atakasirika. Atasema nimezaa mtoto asiye na shukrani. Nami nitakuwa nimekaa hapo ubavuni kwake, na nitaitikia. Nisamehe kuanzia leo.

Mkwe wangu msalimie, mwambie asichoke kukutunza. Mama wa jirani anakusalimu. Mtoto mbusu utosini, pale panapopumua. Baba yako amepita hapa sasa hivi, ameniuliza kama nimekuandikia kwamba anakuja. Nimemwambia nimeandika, na kwamba utafurahi.

Ni mimi akupendaye,
Mama yako