Makaa ya Tanuru la Pili

Bonde la Heiyan,
12 Machi 2021

Mwanangu Genhai,

Ni mimi baba yako. Ninakula, ninalala, kifua tu ndicho kinachonisumbua asubuhi mpaka jua lipande. Wewe hujambo? Mgongo wako unaendeleaje? Nakuandikia kwa mkono kama kawaida, maana simu na mimi hatupatani. Masikio niliyaacha kwenye mashine za kupulizia tanuru, na zile herufi za kwenye kioo naziona kama sisimizi wanaohama.

Kuna jambo. Wakubwa wa mkoa walikuja wakatukusanya ukumbini, wafanyakazi na sisi wastaafu. Wamesema Tanuru la Pili litazimwa mwaka huu. Kila mkoa umewekewa kiwango chake cha hewa ukaa, na tanuru letu peke yake linatoa kuliko mji mzima. Jirani yetu Duan alikuwa ananiandikia kiganjani kila linalosemwa, halafu akachoka kuandika, akasimama na kupayuka. Baadaye aliniambia alichosema: "Mlikuwa mnakuja kupiga picha na tanuru hili, leo mnaliita chafu?"

Mimi sitaki unafiki. Moshi ule nimeula mimi mwenyewe. Mama yako, Mungu amrehemu, alianika nguo ndani ya nyumba maisha yake yote. Wakisema ni mchafu, ni mchafu. Lakini walisema na jambo jingine: kibali chake cha kuyeyusha chuma kimehamishiwa pwani, kwenye kiwanda kipya mnachojenga ninyi. Basi halifi. Linahama nyumba.

Desturi yetu unaijua. Tanuru jipya huwashwa kwa moto wa tanuru la zamani, na anayeubeba ni fundi mkongwe kuliko wote. Fundi Xing aliubeba moto kutoka Tanuru la Kwanza kuja la Pili, mimi nikimfuata nyuma na mwavuli. Wote walionitangulia wako makaburini. Nimebaki mimi. Waulize huko watawasha lini.

Nimekutumia chupa ya siki. Najua ya huko ni maji.

Baba yako,
Qiao Shouyin

*

Ghuba ya Bohai,
9 Aprili

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua imefika, na siki imefika bila kumwagika. Hapa bwenini watu wanainusa tu wanaanza kuzungumza nami vizuri. Mgongo bado upo, ndiyo habari pekee ninayoweza kukupa juu yake. Tunabeba matofali ya tanuru tangu asubuhi mpaka taa ziwashwe, tunakula, tunaanguka kitandani. Siku hewa ikiwa mbaya mjini, serikali inasimamisha kazi zote za vumbi, nasi tunakaa kucheza karata bila malipo. Wenzangu wanalaani. Mimi nashukuru kimoyomoyo, kwa ajili ya mgongo.

Tanuru lenyewe bado ni shimo limefunikwa turubai. Nilimuuliza Kou, msimamizi wetu, alipokuwa anakula tambi. Nikamwambia baba yangu ni fundi wa Heiyan na ana haki ya kuleta moto. Akaniambia, "Mwambie mzee aje nao, sisi tumeishiwa viberiti!" Watu wakacheka, lakini neno alilosema ni uje. Anasema wataliwasha mwezi wa tisa.

Wakiniajiri kama mtu wa tanuru watanipa chumba. Utakuja kwa ajili ya moto, kisha hutarudi tena kwenye baridi ya bondeni. Nimeshachagua upande wa kitanda chako, ule usio na upepo.

Funga kifua, na usipande mlima bila fimbo.

Mwanao,
Genhai

*

Bonde la Heiyan,
20 Mei

Mwanangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima kama inavyoniacha, na kwa kweli inaniacha mzima kuliko nilivyokuwa muda mrefu. Habari yako ya mwezi wa tisa imenipa miguu mipya.

Nimetoa kile kijungu cha chuma alichopashia mikono mama yako, chenye kifuniko cha matundu. Ninajifunza kulaza makaa majivuni ili yasife wala yasiishe. Mwanzoni yalikufa kabla ya chakula cha mchana. Sasa ninayafikisha alfajiri. Nazunguka nayo bondeni kuyazoesha mwendo. Mama muuza mboga sokoni alinisimamisha, akafunua kifuniko akatazama ndani, akaniuliza kwa midomo mipana ili nimsome, "Babu, viazi vyako viko wapi?" Duan naye kaniandikia kiganjani: "Kiziwi wewe, utaunguza suruali kabla hujafika stesheni."

Stesheni hawataniruhusu, hilo najua. Moto haupandi treni. Nitatafuta njia.

Niambie mdomo wa tanuru uko juu kiasi gani, nijue kama nitapanda ngazi au watanishushia kamba.

Baba yako

*

Bonde la Heiyan,
25 Agosti

Mwanangu Genhai,

Je, u mzima? Msimu mzima wa joto sijapata hata mstari kutoka kwako. Nimejiambia ni kazi. Mtu aliyechoka hawezi kushika kalamu, nami nimewahi kuwa mtu huyo. Afya yangu haina shida, ila usingizi umepungua, nitakueleza kwa nini.

Mwezi wa saba walizima. Tulisimama wote uwanjani. Sikusikia kitu, lakini niliijua saa yenyewe kwa nyayo. Tangu nizaliwe ardhi ya hapa ilikuwa inatetemeka kidogo chini ya miguu, na mtu hajui kwamba inatetemeka mpaka itulie. Ilipotulia nilidhani ninaanguka. Nikamshika Duan, kumbe na yeye alikuwa ananishika mimi.

Chuma cha mwisho kilipotoka, vijana waliniwashia makaa kwenye mfereji wake, nikayatia kijunguni. Tangu siku hiyo nayalisha usiku na mchana kama mtoto mchanga. Ndiyo sababu ya kukosa usingizi.

Duan amehamia kusini kwa binti yake. Bonde limebaki na wazee na kuku. Lakini sikia bahati yangu: tanuru limekatwa vipande, na vipande vinapelekwa kwenu kwa malori kama vyuma chakavu. Dereva mmoja, Pang, mnene, mcheshi, amekubali kunipakia pamoja na moto wangu. Tunaondoka tarehe nne. Nitakaa mbele, tanuru likinifuata nyuma.

Nishonee kifungo cha koti lako jeusi. Siku hiyo usivae nguo za kazi.

Baba yako,
fundi wa Tanuru la Pili

*

Ghuba ya Bohai,
2 Septemba

Baba,

Mimi mzima. Barua yako nimeipokea leo na sina nafasi ya kuuliza habari kama inavyotakiwa. Usije. Ninaandika nikiwa nimesimama posta.

Tanuru hili haliwashwi, Baba. Ni la umeme. Mwezi wa sita zililetwa nguzo tatu nyeusi, nene kuliko mti, na wakatueleza: zinashushwa juu ya vyuma chakavu, umeme unapita, chuma kinayeyuka. Hakuna makaa ya mawe, hakuna moshi wa kutisha. Ndiyo maana serikali ikakubali lizimwe la kwenu na lijengwe hili. Siku ya kufungua, mkubwa mmoja atabonyeza kitufe. Hakuna mdomo wa kutia moto. Kou alikuwa ananitania, na mimi nikakuandikia utani wake kama mwaliko.

Tangu mwezi wa sita nilijua. Kila nikishika kalamu nilikuona unazunguka sokoni na kijungu, nikasema nitaandika kesho.

Na kazi ya tanuru sikupata. Wanataka vijana wa kukaa mbele ya vioo vya kompyuta. Mimi wameniweka uwanja wa vyuma chakavu, nakata kwa moto wa gesi, mpaka hapo watakapochoka nami. Chumba hakipo.

Simu ya Duan haipatikani na sina namba ya mtu mwingine yeyote aliyebaki bondeni. Kama umeshaondoka, nitakuwa getini kila jioni baada ya kazi. Mchana Kou hanipi ruhusa.

Naomba barua hii ikuwahi.

Mwanao

*

Bonde la Heiyan,
13 Septemba

Mwanangu mpenzi,

Pole na kazi, na pole zaidi na wasiwasi. Mimi ni mzima, niko nyumbani, nimekaa kitandani kwangu na chai ipo mkononi.

Barua yako ilinikuta nafunga mzigo. Nikaufungua. Pang aliondoka peke yake. Kwa hiyo hakuna ubaya wowote uliotokea, na usisimame tena getini jioni, utapata mafua.

Makaa niliyaacha yafe yenyewe. Nalala vizuri sasa. Umeme ni jambo jema. Watoto wa huko wataanika nguo nje.

Kuhusu chumba, mimi na pwani hatujuani. Usijisumbue. Kula vizuri. Vaa kofia isiyopasuka, kichwa hakina kingine cha akiba.

Baba yako

*

Ghuba ya Bohai,
21 Novemba

Baba yangu,

Shikamoo, mara nyingi kuliko ninavyoweza kuandika. Sitauliza kifua chako kikoje, kwa sababu utanijibu kwamba ni kizima.

Mlinzi wa geti la malori anaitwa Mzee Shan. Mwezi wa tisa, siku moja tu baada ya wewe kuwa hapa, alikwenda kwao kuvuna mahindi, akaugua huko, amerudi wiki hii. Jana nilipita getini akaniita, "Wewe Qiao, yule mzee wako alifika salama?" Nikamwambia baba yangu hajawahi kufika hapa. Akanitazama kama mtu anayetazama mjinga. "Kiziwi? Na kijungu cha moto? Aliyekuja na lori la Pang?"

Nikamwomba anieleze tangu mwanzo.

Amenieleza yote. Kwamba ulishuka ukiwa umevaa koti lako la sikukuu, ukamwonyesha makaa, ukamwambia umeleta moto wa tanuru. Kwamba yeye ndiye aliyekuandikia kiganjani neno "umeme", na wewe ukamfanya aliandike mara ya pili. Halafu ukacheka, ukamwambia, "Basi nimebeba kuni kupeleka msituni." Ukamuuliza Qiao Genhai ni yupi. Akakuonyesha mwenye kofia ya njano iliyopasuka. Anasema ulisimama kwenye wavu mpaka Pang alipomaliza kupakua. Alitaka kuja kuniita, ukamshika mkono wa shati. "Yuko kazini," ulimwambia. "Na akiniona itabidi ajieleze." Ndiyo maana jioni ile niliposimama getini hakunitajia kitu.

Baba, asubuhi ile naikumbuka. Lori la Pang liliposhusha, niliona bamba lenye namba mbili iliyopakwa rangi nyeupe, nikajua ni la kwetu. Nilifurahi sana kuona kitu cha nyumbani. Nililipapasa kwanza kabla ya kulikata. Nilikuwa nakitazama chuma. Sikutazama wavu.

Makaa ulimwachia Shan, akayatia kwenye jiko la kibanda chake. Anasema ulimfundisha kuyalaza majivuni kwa ukali kama unafundisha kuruta, na chai ya siku hiyo ilikuwa nzuri. Jioni watu wa usalama walipita. Moto wa wazi umepigwa marufuku ndani ya kiwanda chote, wakaumwagia maji.

Nilimuuliza kama ulisema neno lingine juu yangu. Anasema uliuliza tu kama kantini yetu inaweka nyama.

Barua kutoka hapa kwenda bondeni huchukua wiki. Hilo nalijua, nimekuwa nikilijua miaka yote. Iliwezaje kukukuta unafunga mzigo? Sikujiuliza, Baba. Uliniandikia uongo unaonifaa, nikaupokea, nikalala.

Nimemwomba Kou ruhusa niende nyumbani. Amesema vyuma ni vingi, watu wachache, nikiondoka nisirudi. Nimemrudishia kofia.

Basi linaondoka kesho asubuhi. Nitafika kabla ya barua hii, au karibu nayo. Nikigonga hutasikia, kwa hiyo acha mlango wazi, na ukiniona usiseme hakuna ubaya wowote uliotokea.

Mwanao,
Genhai