Silabi Iliyodondoka

3 Machi

Shikamoo Babu,

Kifua kinasemaje? Sisi hatujambo, ila kamati ya kumbukumbu imenipa kazi. Wanaweka jiwe mbele ya hospitali, pale watu wetu walipokatazwa kukaa kwenye mabenchi ya wakubwa, na maneno yake nayaandika mimi. Chini ya wito wenu, TUTAKAA, wanataka jina lako, kwamba neno hilo ulilibuni wewe. Nina hamu ya kujua: wazo la kukaa ulilitoa wapi?

Mjukuu wako

9 Machi

Marahaba mjukuu wangu,

Kifua kinapiga filimbi, na daktari ameacha kunidanganya. Basi nikuambie kabla sijaondoka.

Sikubuni kitu. Tulikubaliana tupite pale hospitali na kitambaa kilichoandikwa TUTAKATAA, tupige kelele, turudi makwetu. Kuandika nikapewa mimi, mwalimu wa lugha! Nikapaka rangi mbiombio, silabi moja ikanidondoka. Mlangoni dobi wa hospitali akasoma kwa sauti: "Tu-ta-ka-a." Akanigeukia. "Mwalimu, si mmesema tutakaa? Mbona mmesimama kama nguzo?"

Akaenda akaketi kwenye benchi la wakubwa, miguu ameinyoosha. Polisi wakambeba; mwingine akaketi. Yaliyofuata unayajua, mpaka mabenchi yakawa ya wote. Nimepongezwa miaka yote hii, nami kimya. Nitoeni kwenye jiwe.

Babu yako

14 Machi

Shikamoo Babu,

Umelala salama? Nimecheka mpaka chai ikanipalia, kisha nikalia. Mwenyekiti anasema, "Jiwe halifanyi utani. Mwache mzee apumzike na heshima yake." Mchongaji anaanza wiki ijayo. Huyo dobi aliitwa nani?

Mjukuu wako

17 Machi

Marahaba,

Mkono hautii. Tulimwita Dobi tu. Hakuna aliyemuuliza jina, na hiyo ni aibu kubwa kuliko ya silabi. Mwambie mwenyekiti heshima ya kuazima haizikwi pamoja na mtu.

Babu

2 Aprili

Shikamoo Babu,

Nesi anasema hushiki tena karatasi, kwa hiyo barua hii nitakuja kukusomea mwenyewe.

Nilisimama mbele ya kamati nikawasomea barua zako zote mbili. Mwenyekiti akanuna. "Sasa tuchonge kosa?"

Nikamjibu, "Tumchonge aliyeliamini."

Walibishana mpaka mchongaji akauliza kama aende zake. Leo jiwe limesimama. Limeandikwa: TUTAKAA. Dobi wa hospitali alisoma, akakaa.

Jina lako halipo, Babu. Nimepapasa pale lilipopaswa kukaa. Ni laini kabisa.

Nikishamaliza kusoma nitakutazama mdomo. Ukicheka kidogo tu, nitajua umesikia.

Mjukuu wako